Namna Nitakavyokuwa Kapera Tena Mbele ya Kanisa na Serikali

Jumatatu, tarehe 14 Machi

Leo nimeamua. Ndoa yangu na Olga iishe, lakini iishe kwa heshima na kwa muhuri. Miaka kumi na sita tangu tulipofunga. Mitatu tangu aliporudi kwao Nyamitaba na binti yetu Gaëlle. Alisema amechoka na mipango yangu. Mipango gani, hakutaja. Pengine alikosa pa kuanzia.

Sababu ya haraka: Mama Céline wa Walikale. Mjane. Ana restora kando ya barabara ya kwenda Kisangani na anaongoza kwaya. Kila nikimpelekea fromage, jibini letu la Masisi, ananunua mbili. Mwezi uliopita alinunua tatu. Mwanaume mwenye akili anaelewa. Nilimgusia mambo ya ndoa, akajibu kwamba yeye ataolewa mbele ya altare ao hataolewa kabisa. Vizuri. Tutaitafuta altare.

Nimeenda kwa Padri Sylvain, hapa hapa Mushaki, nikaomba divorce ya Kanisa. Niliomba kama muntu anayeomba kilo ya chumvi. Padri akasema Kanisa halina divorce. Divorce ni ya serikali: inasema ndoa ilikuwako, sasa imevunjika. Kanisa halivunji. Linachunguza tu kama siku ile ya kwanza ndoa ilifungwa kweli. Ikionekana kulikuwa na kasoro kubwa tangu mwanzo, mahakama ya Kanisa kule Goma inatangaza kwamba ndoa haikuwako. Wanaita nullité.

Nimeipenda sana hiyo. Divorce inaacha kovu. Hii inaacha ngozi ya mutoto.

Nikauliza kasoro gani zinakubaliwa. Akataja: muntu aliyelazimishwa, muntu asiyekuwa na akili ya kuelewa anachoahidi, muntu aliyedanganywa kwa jambo kubwa, na nyingine ndefu kuhusu anayesema ndiyo kwa mdomo huku moyoni amekataa. Niliandika kwenye kiganja. Ile ndefu haikupata nafasi.

Padri akaongeza kwamba mashahidi wanaapa, na kwamba kinachotafutwa ni ukweli. Nimemhakikishia kwamba ukweli si tatizo, nitautafuta popote.

Jumanne, tarehe 15 Machi

Nimechagua kulazimishwa. Ni kasoro safi, inampa muntu huruma. Marehemu baba yangu njo atabeba lawama. Hawezi kukana.

Kwa shahidi nimemtaka binamu yangu Michel, aliyesimama nami altareni siku ile. Sipendi kumwomba kitu Michel. Tangu achaguliwe mkubwa wa komite ya parokia anatembea kama ameng'atwa na nyuki shingoni. Lakini picha ya arusi inamwonyesha pembeni yangu, na mahakama itapenda picha.

Nilimkuta shambani anapalilia maharagi. Nikamweleza namna baba alivyonikamata kwa nguvu nimwoe Olga. Michel akaegemea jembe. Akanikumbusha kwamba baba alikataa ile ndoa. Alitaka tungoje mavuno. Mimi njo nililala kitandani siku mbili bila kula, nikimwambia mama kwamba nikimkosa Olga nitaenda kuishi msituni na nyani. Mama akamwendea baba kwa magoti.

Nimesema sikumbuki nyani. Michel akasema kilima kizima kinakumbuka nyani.

Kisha akatoa ile picha kwenye simu yake, ameipiga upya. Olga ametulia kama Bikira Maria. Mimi nimecheka mpaka jino la nyuma linaonekana. Hakuna mahakama itakayoona kilio pale.

Basi kulazimishwa kumekufa. Haidhuru. Nina viganja viwili.

Alhamisi, tarehe 17 Machi

Mpango wa akili. Nitaonyesha kwamba wakati ule sikuwa na akili ya kuelewa ndoa ni nini. Nilifikiri mashahidi watakuwa wagumu kupata. Muntu hapendi kumtangaza jirani yake kuwa punguani.

Jana asubuhi nilimwomba Mama Agathe tu, anayeuza fromage barabarani karibu nami. Nilimwomba kwa siri. Kufika leo saa tatu, watu kumi na mmoja walikuwa mbele ya mlango wa Padri. Walipanga mstari bila kuambiwa. Mama Agathe alikuja na mfano wa mwaka niliouza ng'ombe wawili ninunue mashine ya kukamulia ndizi juice, na huku juu ndizi hazitoshi hata kupika. Mzee mmoja alitembea kutoka kilima cha pili kueleza habari ya mradi wangu wa sungura. Michel alikuwa na karatasi yenye namba.

Nilisimama pale nikisikiliza. Nilianza kuwajibu. Nikasema mashine ile ilikuwa mbele ya wakati wake. Padri akaniuliza kwa upole niko upande gani.

Mwishowe aliwashukuru wote akawaeleza. Ile kasoro ni ugonjwa mzito ao udhaifu mkubwa wa ndani, na mahakama inaita mtaalamu aupime. Si ujinga. Akasema: "Kama ujinga ungetosha kubatilisha ndoa, mu hii parokia hakungebaki hata moja."

Watu wakacheka, kila mume akimtazama bibi yake. Mimi nikarudi nyumbani na akili yangu timamu, iliyothibitishwa na Kanisa. Hiyo ni sifa, nikifikiri vizuri.

Lakini Kanisa linauliza maswali mengi. Nitaanza na serikali. Serikali inapenda fomu, na fomu haina macho. Na nitaenda Walikale, ambako ofisini hakuna anayenijua. Karatasi ikitoka, natembea hatua mia moja tu mpaka kwa Céline.

Jumapili, tarehe 20 Machi

Walikale. Siku mbili juu ya moto, pikipiki ya kukodi. Tope mpaka magoti baada ya Nyabiondo. Fromage sita zilianguka mtoni; nne zilirudi. Mimi nilianguka mara tatu na nilirudi zote. Kesho ofisi.

Jumatatu, tarehe 21 Machi

Nimevaa koti. Karani wa état civil, ofisi inayoandikisha ndoa, ni kijana mwenye sauti nzito, anayeandika polepole, herufi nzuri. Nikamwambia nataka annulation ya serikali, ile inayofuta ndoa kabisa.

Karani alikuwa na subira. Alieleza kwamba yeye hafuti na havunji. Yeye anaandika kitabuni kile ambacho mahakama imeamua. Divorce inaombwa kwenye tribunal de paix, mahakama ya serikali, na juge, yaani hakimu, anaita mume na bibi kwanza ajaribu kuwapatanisha. Annulation nayo ni ya mahakama, na sababu zake zimeandikwa katika sheria: mmoja hakukubali, mmoja alikuwa mutoto bado, wawili ni wa damu moja, ao mmoja alikuwa tayari ana ndoa nyingine. Na annulation ya serikali haifungui muntu mbele ya Kanisa, wala ile ya Kanisa haigusi kitabu cha serikali. Kila nyumba na mlango wake.

Nilisikia tu ile ya ndoa nyingine. Sababu nzuri kama nini. Haihitaji picha wala baba.

Nikasema: ndiyo hivyo hasa. Kabla ya Olga nilikuwa nimeoa mwanamke mwingine.

Karani akachukua kalamu. Jina? Nikasema Carmel. Mji? Kindu, sababu Kindu ni mbali. Mwaka? Nikataja mwaka. Akaandika yote kwa herufi zile nzuri, kisha akanijulisha kwamba kuoa bibi wa pili mbele ya serikali huku wa kwanza yuko ni kosa la gereza, na kwamba maelezo yangu yanaweza kupelekwa kwa mwendesha mashitaka.

Hapo nikamtangazia kwamba Carmel alikufa.

Lini? Kabla ya arusi ya Olga, nikasema haraka. Akasema basi ndoa ya Olga ni nzuri kabisa, hakuna cha kubatilisha. Nikafikiri. Nikasema alikufa baada. Akasema basi turudi gerezani. Nikasema pengine hakufa, alisafiri tu.

Karani akafunga kitabu. Akaniuliza: "Papa, huyu Carmel alikuwako kweli?"

Nikasema hapana. Akapasua karatasi vipande vinne, akanishauri nimrudie bibi yangu ao nitafute avocat wa kunitetea, lakini nisimzike tena muntu mwenye hakuzaliwa.

Nimetoka bila pingu. Kwa siku moja ya kazi, si mbaya.

Jumanne, tarehe 22 Machi

Kumbe karani anaimba besi kwenye kwaya ya Céline.

Sikujua hadi nilipoketi restorani kwake. Jana jioni walikuwa na mazoezi ya nyimbo za Pasaka. Karani hakutaja jina langu, Céline alisema, alisimulia tu kisa cha bwana mmoja kutoka Masisi, mwenye koti lenye tope na harufu ya fromage. Kwaya ilishindwa kuendelea.

Céline aliniletea lituma, ndizi za kuponda, na samaki, akakaa mbele yangu, kitu ambacho hajawahi kufanya. Nilitengeneza kola. Akaniuliza kwa sauti ya chini nina mabibi wangapi. Nikasema mmoja tu, na huyo niko karibu kumaliza kutokuwa naye.

Kisha akasema: "Papa Edmond, kama weye unaweza kuzua bibi mwenye hayuko, miye nitajuaje kama niko?"

Nikala samaki.

Akaniuliza kama nimezungumza na Olga juu ya haya yote. Nikasema bado, ni mambo ya ofisi. Akasema ndoa hawafungi na ofisi. Nizungumze na mama wa mutoto wangu kwanza, ukweli mtupu, halafu yeye atajua kama bado ana sikio la kunisikiliza. Akaondoka kupima mchele.

Alinunua fromage moja.

Hakukataa. Aliweka sharti. Mwanamke anayeweka sharti tayari anapanga samani.

Jumamosi, tarehe 26 Machi

Nimefika Mushaki jana, nikapata bahasha kwa Padri Sylvain. Muhuri wa mahakama ya Kanisa, Goma. Nilifikiri sifa zangu zimeshafika huko. Nikafungua kwa kisu.

Olga Uwamwezi ameomba ndoa yake na Edmond Nizeyimana itangazwe kuwa batili. Alipeleka ombi tangu Novemba kupitia padri wa kwao. Mimi naitwa upande wa pili. Upande wa pili! Mpango wangu mimi, na mwanamke amenitangulia miezi minne bila kuanguka mtoni hata mara moja.

Padri Sylvain amepewa kazi ya kunisikiliza Jumatatu. Akasema nina haki ya kukubali, kukataa ao kujieleza. Nikauliza kama naweza kuwa mwombaji na Olga akawa upande wa pili. Akasema si foleni ya maji.

Leo alfajiri nikapanda moto kwenda Nyamitaba kuweka mambo sawa.

Nilimkuta Olga nyuma ya nyumba ya kaka yake anachambua maharagi. Amenenepa kidogo. Amepumzika, njo neno. Nilikuwa nimeandaa hotuba, lakini Gaëlle alitoka jikoni na kikombe cha chai akanipa kwa mikono miwili. Ana miaka kumi na minne na amekuwa mrefu kuliko mama yake. Akasimama tu pale, haondoki.

Kisha akauliza: "Papa, kama ndoa yenu haikuwako, miye niko mutoto wa nani?"

Nina majibu ya mambo mengi. Nikatazama ng'ombe wa kaka yake Olga. Walikuwa saba.

Olga njo alijibu, bila kuacha maharagi. Alisema ameuliza swali hilo kabla ya swali lingine lolote. Kanisa likisema ndoa haikuwako, mutoto anabaki wa halali, sababu alizaliwa nyumbani kwa watu walioaminika kuwa mume na bibi, na yeye mama aliamini kwa moyo wote. Jina linabaki. Karatasi ya kuzaliwa ya serikali haiguswi na muntu. "Weye uko wetu," alimwambia, "hata kama sisi hatuko wa sisi kwa sisi."

Gaëlle aliitika kwa kichwa. Akachukua kikombe, nilikuwa sijamaliza.

Nikauliza Olga sababu gani ameandika. Kama ni ujinga, nikamtahadharisha, Padri hakubali.

Aliingia ndani akatoka na daftari la jalada la buluu. Nililitambua. Shajara yangu ya mwaka wa arusi. Alilipata wakati anafunga mizigo kuondoka. Alifungua ukurasa wa siku moja kabla ya arusi, akanipa nisome mwenyewe.

Mwandiko wangu. Nimeandika: "Kesho naoa. Padri ameuliza kama ni mpaka kifo, nimesema ndiyo. Ila moyoni nimejiwekea mlango wa nyuma. Miaka mitano ya majaribio. Isipofaa, natoka, natafuta mwingine."

Nilisoma mara mbili. Mtindo ni mzuri, nakubali. Lakini maharagi yalikuwa yanaanguka kwenye ungo moja moja na sikupenda ile sauti.

Olga akasema, wala si kwa hasira: "Ile siku miye nilisema ndiyo na roho yote. Kumbe nilikuwa naolewa peke yangu."

Nilitaka kusema kwamba nilikaa miaka kumi na mitatu, si mitano. Kwamba nilisahau huo mlango. Kwamba sungura walikuwa kwa ajili yake. Nikasema tu kwamba maharagi ya mwaka huu ni mazuri. Akasema ndiyo, mvua ilikuja vizuri.

Akaniomba kitu kimoja. Nikiitwa Jumatatu, nisitengeneze. Niseme kilichokuwa. Mbele ya serikali amekwisha kuomba divorce kwenye tribunal de paix, kwa sababu kule ndoa ilikuwako kweli na inabidi ivunjwe kwa njia yake. Juge atatuita wawili kwa upatanisho, kwanza. Aliyajua yote haya kwa mpangilio, kila karatasi na mlango wake. Nani alimfundisha, sijui.

Gaëlle alinisindikiza mpaka barabarani, akashika mkono wangu kwenye mteremko. Utelezi ulikuwa wa kawaida tu.

Jumatatu, tarehe 28 Machi

Nimeapa juu ya Injili. Padri Sylvain aliuliza, aliandika. Daftari la buluu lilikuwa mezani.

Usiku wote nilikuwa nimepima. Nikikana mwandiko, ndoa inaweza kubaki, na mimi ndani yake. Nikikubali, Olga anakuwa huru. Lakini Olga akiwa huru, mimi nimefungwa na kamba ipi? Hakuna. Ukweli una faida! Sikuwahi kuuona upande huo.

Nikakubali. Nikasema ndiyo, mwandiko ni wangu, na mlango ulikuwako. Padri akauliza kama Olga alijua. Nikasema hapana. Akauliza kama angejua, angekubali kuolewa. Hapo nilitazama daftari la buluu. Nikasema hapana. Sauti ilitoka ndogo, sijui kwa nini. Padri akanipa maji.

Nilipomaliza kutia saini nilimwuliza arusi yangu tuiweke wiki gani baada ya Pasaka.

Padri Sylvain akaweka kalamu chini. Akasema yeye hahukumu, anasikiliza tu. Kule Goma kuna mtetezi wa kifungo cha ndoa ambaye kazi yake ni kupinga, na majuge wanapima, ni miezi. Tena mbele ya serikali mimi ni bwana wa Olga mpaka tribunal iseme vingine. Na ya mwisho: ndoa ikitangazwa batili kwa sababu ya mlango wangu wa nyuma, majuge wanaweza kunikataza kufunga nyingine kanisani mpaka Askofu aridhike kwamba safari hii sina mlango. Olga hatakuwa na katazo. Yeye alikuwa mkweli.

Nimeelewa haraka. Askofu mwenyewe atafuatilia mambo yangu. Michel hajawahi kufuatiliwa na Askofu hata kwa barua.

Jumatano, tarehe 30 Machi

Nimempigia Céline nikamweleza yote, ukweli mtupu, kama alivyotaka. Daftari, mlango, katazo, Askofu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema amefurahi kwa Olga. Akasema Mungu anijalie. Kuhusu sisi, alisema anapendelea kubaki na kwaya, sababu kwaya akiikosoa inarekebisha sauti. Fromage niendelee kumletea kama kawaida. Mbili.

Nimekaa kizingitini muda mrefu. Ukungu ulishuka ukafunika barabara, ng'ombe, kanisa, kila kitu. Gaëlle ametuma ujumbe kuuliza kama nimekula. Nimejibu ndiyo. Kisha nikala, ili liwe kweli.

Jumamosi, tarehe 2 Aprili

Nimeamka na nguvu. Nimeona kitu ambacho wote hawajakiona. Katika Masisi na Walikale, nani amepita milango yote hii kwa wiki tatu? Padri anajua mmoja. Karani anajua mwingine. Olga anajua yote lakini hana tabia ya kujitangaza. Mimi nimepita yote kwa miguu yangu. Ni elimu, na elimu haiachwi ioze.

Nimefungua ofisi ya mashauri, hapa barabarani, ubavuni mwa Mama Agathe. Meza, benchi ya wateja, ubao. Nimeandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa:

CABINET NIZEYIMANA. DIVORCE, ANNULATION YA KANISA, ANNULATION YA SERIKALI: YOTE NI KITU KIMOJA. KARATASI MOJA, OFISI MOJA, SIKU TATU. MASHAHIDI TUNAO.

Kwa mashahidi nimepanga kutumia wale kumi na mmoja. Wana mazoezi.

Mama Agathe amesoma akahamisha fromage zake mita mbili. Michel amepita, amesoma, amerudi, amesoma tena, ameenda mbio kuelekea parokiani. Wivu.

Saa tano Padri Sylvain amefika juu ya moto. Amevua kofia ya chuma. Amesoma ubao toka juu mpaka chini, midomo ikitembea. Kisha ameketi kwenye benchi ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Maskini. Sikujua hata mapadri wana matatizo ya namna hii. Nimevuta kiti, nimefungua daftari jipya, nimeandika juu kabisa: Mteja wa kwanza.